Nani Kala Pesa za Klabu?

Tukitaja afya, wengi wetu tunawaza dawa, chandarua, choo safi na maji ya kunawa mikono. Leo tunazungumzia pesa. Subiri, usifunue ukurasa mwingine! Sabuni ya kunawia inanunuliwa kwa pesa. Taulo za kike zinanunuliwa kwa pesa. Bandeji za kwenye sanduku la huduma ya kwanza nazo ni pesa. Pesa za klabu ya afya zikipotea, anayeumia ni mdogo wako wa kidato cha kwanza anayekaa bwenini siku nne kila mwezi kwa sababu hana taulo.

Tena kuna mtu mwingine anayeumia, naye mara nyingi hatumfikirii. Ni yule aliyeshika pesa, asiibe hata senti, kisha akaitwa mwizi.

KISA CHA KUJIFUNZIA

Kisa hiki tumekitunga. Lakini kama umewahi kuwa kwenye klabu, kwaya au timu yoyote, utakitambua.

Tuseme shule moja hapa Milanzi ina klabu ya afya yenye wanachama 40. Kila mmoja kalipa ada ya shilingi 500. Klabu ikauza madebe 3 ya maharage iliyoyalima kwenye ntumba za shamba la shule, kila debe shilingi 30,000. Kisha shirika moja likawapa shilingi 150,000, likasema wazi: hizi ni za taulo za kike tu.

Mweka hazina ni dada wa kidato cha tatu, mpole, anayeaminika. Pesa zote zikawekwa kwake, kwenye kopo ndani ya tranka lake bwenini. Kwenda dukani mjini Sumbawanga ni yeye. Kulipa ni yeye. Kukumbuka hesabu ni yeye, maana daftari hakuna. Wenzake walisema, "Daftari la nini? Si tunaaminiana?"

Mwishoni mwa Oktoba wakakaa kikao. Kopo likafunguliwa, pesa zikahesabiwa: shilingi 79,000. Katibu naye akapiga hesabu zake ubaoni, akapata kwamba zinatakiwa kuwa 85,000. Zimepungua 6,000.

Hebu fikiria hali ya darasa lile. Mmoja akacheka kwa pembeni. Mwingine akasema, "Ndiyo maana juzi nilimwona na viatu vipya." Wa tatu akasema hiyo ni chuma ulete, kuna mtu anavuta pesa kwa uchawi. Dada wa watu akajaribu kukumbuka, akashindwa, akalia. Toka siku hiyo hakuja tena klabu, na njiani walimzomea.

Wiki mbili baadaye mlezi wa klabu, mwalimu wao, ndiye aliyekumbuka. Kabla ya Siku ya Kunawa Mikono Duniani, tarehe 15 Oktoba, yeye mwenyewe alimwambia yule dada anunue karatasi 8 za manila kwa shilingi 500 kila moja na kalamu 2 za wino mzito kwa shilingi 1,000 kila moja. Piga hesabu: 4,000 na 2,000, jumla 6,000. Zile manila zilikuwa zimebandikwa ukutani, kwenye darasa lile lile walimomwita mwizi.

Je, kosa ni la nani? Usijibu haraka. Tuendelee kwanza.

CHUMA ULETE HAYUMO KWENYE DAFTARI

Wazee hutueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi na sisi tuutupe kwenye mambo ya fedha. Pesa haziyeyuki wala hazivutwi na mtu aliyejifungia chumbani. Zina njia mbili tu: zinaingia na zinatoka. Ukiandika kila zinapoingia na kila zinapotoka, utajua ziko wapi. Usipoandika, utabaki na fununu, na fununu humwangukia aliye karibu na kopo.

Wauza duka wanao msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtunza mali bila daftari je? Jina lake nalo hupotea.

Watu wengi wanadhani daftari ni alama ya kutokuaminiana. Sivyo. Daftari ni ngao ya mtu mwaminifu. Mwizi ndiye anayefurahi pasipo na maandishi, kwa sababu akiulizwa atasema tu, "Nimesahau." Mwaminifu asiye na maandishi naye atasema, "Nimesahau." Sasa utawatofautishaje?

JAMBO LA KWANZA: KAZI TATU, WATU WATATU

Kwenye kila fedha ya umma au ya kikundi kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kuidhinisha, yaani kusema "nunueni". Ya pili ni kushika pesa na kulipa. Ya tatu ni kuandika hesabu. Kazi hizi asipewe mtu mmoja, hata awe mtakatifu.

Kwenye klabu yenu inaweza kuwa hivi: mwenyekiti pamoja na mlezi wanaidhinisha, mweka hazina anashika na kulipa, katibu anaandika. Hapo mtu akitaka kuiba itabidi apate wenzake wa kushirikiana nao, na siri ya watu watatu haikai. Mtu akikosea pia, mwenzake ataona mapema.

Huu si utaratibu wa kizungu wa kutuletea usumbufu. Waulize akina mama wa VICOBA mtaani kwenu. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu tofauti. Sanduku linafunguliwa mbele ya wanachama wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, linafungwa. Utaratibu wa vikundi vya namna hiyo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima, na Tanzania leo vikundi vya kijamii vya fedha vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kama mama ambaye hakumaliza darasa la saba anaweza, mwanafunzi wa kidato cha tatu atashindwaje?

Na pesa zikae wapi? Si kwenye tranka. Pesa ndogo za matumizi ya haraka zikae kwenye sanduku lenye kufuli ofisini kwa mlezi. Pesa nyingi zipelekwe kwa mhasibu wa shule, nanyi mpewe stakabadhi. Kikundi chenye akaunti ya benki kiwe na watia saini wasiopungua wawili. Pesa za kikundi zisiwekwe kwenye simu ya mtu binafsi, kwa sababu ndani ya simu pesa zake na zenu zinachanganyika, na siku simu ikipotea mtaanza kutazamana.

JAMBO LA PILI: DAFTARI

Nunua daftari lenye jalada gumu. Piga mistari. Andika tarehe, maelezo, namba ya risiti, kilichoingia, kilichotoka na salio. Salio ni pesa inayobaki baada ya kila mstari. Hebu tuandike hesabu za klabu ya kisa chetu kama zilivyotakiwa kuandikwa:

3 Septemba. Ada za wanachama 40. Imeingia 20,000. Salio 20,000.
10 Septemba. Mauzo ya maharage, madebe 3. Imeingia 90,000. Salio 110,000.
17 Septemba. Msaada wa taulo za kike. Imeingia 150,000. Salio 260,000.
24 Septemba. Taulo, pakiti 60 kwa 2,000. Imetoka 120,000. Salio 140,000.
24 Septemba. Nauli ya kwenda mjini na kurudi. Imetoka 4,000. Salio 136,000.
1 Oktoba. Sabuni. Imetoka 15,000. Salio 121,000.
8 Oktoba. Glavu na bandeji. Imetoka 36,000. Salio 85,000.
13 Oktoba. Manila 8 na kalamu 2. Imetoka 6,000. Salio 79,000.

Umeona? Mstari mmoja wa mwisho, usiozidi nusu dakika kuuandika, ungemwokoa yule dada na machozi ya wiki mbili.

Andika siku ile ile, usingoje Jumamosi. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea usifute na usichane ukurasa: piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, weka saini. Daftari lenye karatasi zilizochanwa linatia shaka kuliko lenye makosa kumi yaliyosahihishwa wazi.

JAMBO LA TATU: KARATASI YA KILA SHILINGI

Daftari linasema pesa zimetoka. Risiti ndiyo inayothibitisha. Kila ukinunua, dai risiti, iandike namba na uitunze kwenye bahasha kwa mpangilio wa tarehe. Pesa zikiingia, nanyi toeni stakabadhi, hata kama ni shilingi 500 za mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Utasema, "Mwenye bodaboda hatoi risiti. Mama anayeuza nyanya gengeni hana risiti." Kweli kabisa. Hapo mnatumia hati ya malipo: kipande cha karatasi kinachoeleza tarehe, kiasi, kazi yenyewe, jina na saini ya aliyelipwa, na saini ya aliyeidhinisha. Na mlezi akisema kwa mdomo, "Nendeni mkanunue manila," mwambie kwa heshima, "Sawa mwalimu, naomba utusainie hapa." Mwalimu mwelewa hatakasirika. Unamlinda na yeye.

JAMBO LA NNE: PESA YENYE KAZI YAKE

Sasa swali gumu kidogo. Salio ni 79,000. Mahafali ya kidato cha nne yamekaribia, na mwanachama mmoja anapendekeza mtumie 70,000 kununua soda na keki. Kikao chote kinapiga makofi. Je, inawezekana?

Tazama tena daftari. Shilingi 150,000 zilitolewa kwa ajili ya taulo tu. Zimetumika 120,000. Kwa hiyo ndani ya ile 79,000 kuna 30,000 ambazo zina mwenyewe: ni za taulo. Mnazoweza kuzipangia mambo mengine ni 49,000. Mkinywea soda ile 30,000, hakuna aliyetia hata senti mfukoni, lakini wasichana wamekosa taulo na aliyetoa msaada amedanganywa. Huo nao ni ubadhirifu, hata ukipigiwa makofi.

Ndiyo maana pesa ya msaada iandikwe kwenye ukurasa wake peke yake. Mkiona mahitaji yamebadilika, mwandikieni mtoaji kumwomba ruhusa kabla ya kutumia. Ukiomba msamaha umeshakula, hiyo si ruhusa tena.

JAMBO LA TANO: HESABU ZISOMWE

Viongozi wengi wanaandika vizuri, halafu wanafungia daftari kabatini. Hesabu ambayo wanachama hawajaisikia ni kama haipo. Mwisho wa kila mwezi fanyeni mambo mawili.

Kwanza, hesabuni pesa zilizomo kwenye sanduku mbele ya mashahidi wawili mlinganishe na salio la daftari. Zikitofautiana, tafuteni sababu siku hiyo hiyo, kumbukumbu ingali mpya. Pili, bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo na kuyasoma kikaoni. Mwanachama yeyote awe na haki ya kuuliza, na anayeuliza asiitwe mchochezi.

Mara moja kila muhula, chagueni wanafunzi wawili wasio viongozi wapitie daftari na risiti zote. Hao ndio wakaguzi wenu. Serikali yenyewe inakaguliwa: Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 143, imeweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa yake ya kila mwaka hufikishwa Bungeni. Kama wizara inakaguliwa, klabu ya watu 40 isione haya.

UTAWALA BORA NI NINI HASA?

Neno hili tunalisikia redioni kila siku, mpaka limekuwa kama wimbo. Kwa klabu yenu lina maana nyepesi tu. Muwe na katiba fupi inayosema viongozi wanachaguliwa vipi na wanakaa muda gani. Vikao viwe na kumbukumbu zilizoandikwa. Uamuzi wa pesa utoke kikaoni, usitoke kwenye kichwa cha mwenyekiti.

Kuna jambo moja linalotushinda kwa sababu ya undugu. Tuseme klabu inatafuta duka la kununua sabuni, na mjomba wake mwenyekiti ana duka. Je, ni vibaya kununua kwake? Si lazima. Lakini mwenyekiti aseme wazi, "Huyu ni mjomba wangu," kisha atoke nje, wenzake walinganishe bei za maduka matatu na kuamua. Huo unaitwa mgongano wa maslahi, na dawa yake ni kuutaja kabla haujatajwa na watu wengine.

PESA ZIKIWA NYINGI, MAMBO NI YALE YALE

Usidhani haya ni ya watoto wa shule. Mashirika makubwa yasiyo ya kiserikali hapa Tanzania yanabanwa na Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, yakiwemo ya mwaka 2019. Shirika linatakiwa kutoa taarifa ya kazi zake ya kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na wananchi waweze kuziona. Wewe ni mwananchi. Shirika likija shuleni kwenu na magari na fulana, una haki ya kuuliza kwa adabu: pesa hizi zimetoka wapi, na zimetumikaje?

Yakipuuzwa haya, watu wanaugua. Tazama kwa jirani zetu Uganda. Agosti 2005, Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulisimamisha misaada yake yote mitano kwa nchi hiyo, baada ya wakaguzi kukuta fedha zinasimamiwa vibaya na ofisi maalumu iliyokuwa chini ya Wizara ya Afya. Misaada ilifunguliwa Novemba mwaka huo, baada ya usimamizi kubadilishwa. Fikiria hofu ya mgonjwa anayemeza dawa kila siku, anaposikia redioni kwamba pesa za dawa zimezuiwa.

Ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji James Ogoola, na wengine walifikishwa mahakamani. Mmoja wao ni Teddy Cheeye, aliyeongoza shirika lisilo la kiserikali lililopewa sehemu ya fedha hizo. Mwaka 2009 alipatikana na hatia ya kufuja zaidi ya shilingi milioni 100 za Uganda na kughushi nyaraka, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Na jina la shirika lake? Kwa Kiswahili tungeliita Kituo cha Uwajibikaji cha Uganda. Jina zuri si kufuli. Hata risiti peke yake si kufuli, maana karatasi inaweza kughushiwa. Ndiyo sababu tunataka watu watatu, daftari, risiti na kikao cha wazi, vyote kwa pamoja.

UKIONA MAMBO HAYAENDI SAWA

Usianze kwa kutangaza bwenini kwamba fulani mwizi. Umeshaona ubaya wake. Anza na maandishi: omba kuona daftari na risiti. Uliza kikaoni. Usipojibiwa, mwone mlezi. Kama mlezi ndiye mwenye tatizo, nenda kwa mwalimu mwingine unayemwamini, mkuu wa shule au bodi ya shule. Rushwa na wizi wa mali ya umma unaweza kuripotiwa TAKUKURU kwa simu namba 113, bila malipo. TAKUKURU pia inashirikiana na klabu za wapinga rushwa mashuleni.

Na ikidhihirika mtu hakuiba, asafishwe hadharani, mahali pale pale alipochafuliwa. Kumnong'oneza "pole" chooni hakutoshi.

JIPIME

1. Kwenye kisa chetu, ni kazi zipi zilizokuwa mikononi mwa mtu mmoja? Mlipe kila kazi mtu wake.
2. Klabu ilianza mwezi na salio la 79,000. Ikauza debe 1 la maharage kwa 32,000, ikanunua pakiti 10 za taulo kwa 2,000 kila moja, na sabuni ya 12,000. Salio ni kiasi gani? Je, katika hizo, za taulo zimebaki ngapi?
3. Mlezi anataka kukopa 20,000 za klabu, atarudisha mwisho wa mwezi. Ni mwalimu mzuri na mnampenda. Mtamjibuje bila kumvunjia heshima?
4. Rudi kwenye lile swali la mwanzo: zile 6,000 zilipokosekana, kosa lilikuwa la mweka hazina, la mlezi, la katibu, au la wanachama wote 40 waliosema "si tunaaminiana"? Jadilianeni kwenye klabu yenu, katibu aandike majibu.

Jibu la swali la 2: salio ni 79,000, na za taulo zimebaki 10,000. Ndiyo, salio ni lile lile la mwanzo, lakini pesa zake siyo zile zile. Kama hukuelewa kwa nini, chukua karatasi uandike mstari kwa mstari.